Maswali mnayoniuliza sana kuhusu tangi kubwa la maji chumvi na matumbawe nyumbani

Tangi langu liko sebuleni, Bamburi, Mombasa, huu ni mwaka wa sita sasa. Urefu sentimita 200, upana 70, kwenda juu 65, ukipiga hesabu ni kama lita 910, na chini yake kuna sampu (tangi la pili la kuwekea mashine) inabeba lita 200 zaidi. Wageni wakija wanauliza yale yale, na kwa simu naulizwa yale yale, kwa hivyo nimekaa nikaandika yote mahali pamoja. Nilipokosea nimesema wazi, manake mimi nishalipa kujua, wewe huna haja ya kulipa tena. Na karibu kila kitu kilichonifia kilikufa sababu niliharakisha, hiyo utaiona ikijirudia kwenye majibu mengi hapa chini.

Mimi ndo naanza, si bora nianze na tangi dogo?

Wengi wanadhani hivo lakini kwa maji chumvi dogo ndo lenye kusumbua. Lita 60 ukisahau kuongeza maji siku moja tu chumvi inapanda, samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe amonia inaua wenzake kabla hujajua kuna msiba. Lita 900 inakupa muda, mambo yanaharibika polepole na unawahi. Ila kosa likitokea kwenye kubwa linauma mfukoni, na mgongo pia, manake kila unachobeba ni kwa ndoo na mitungi. Kama una nafasi na pesa ya katikati anza na lita 300 au 400, ukae nalo mwaka, halafu ndo uamue.

Sakafu ya nyumba yangu itabeba kweli?

Piga hesabu kwanza. Maji ya bahari lita moja ni kilo moja na kidogo, kwa hivyo lita 910 ni kama kilo 930. Vioo vya langu (milimita 15) vina karibu kilo 185. Weka mawe kilo 60, mchanga kilo 60, stendi kilo 100, sampu na maji yake zaidi ya 200, tushafika tani moja na nusu, yote yamekaa kwenye eneo la mita moja nukta nne za mraba. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 mpaka 200 kwa kila mita ya mraba, sasa ona mwenyewe umezidisha mara ngapi. Kama uko chini kabisa na sakafu ni zege juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, hamna shida. Kama uko ghorofa ya pili au ya tatu tafuta injinia aangalie boriti zimepita wapi, umlipe, usimuulize fundi rangi.

Na stendi iwe sawa kabisa. Weka pima maji kila kona. Mimi nilikuta kona moja imeshuka milimita nne, nikatoa kila kitu nikaanza upya, nilikasirika siku hiyo lakini leo nashukuru.

Kioo cha unene gani, na fundi wa madirisha anaweza kunitengenezea?

Kinachosukuma kioo ni kimo cha maji, si wingi wake. Kwa kimo cha sentimita 65 na urefu wa mita mbili kioo cha mbele peke yake kinasukumwa na nguvu kama ya uzito wa kilo 430, mchana na usiku, miaka. Ndo manake mimi niliweka milimita 15 na juu nikaweka vipande vya kushikilia kioo cha mbele na cha nyuma visitanuke. Kuna watu watakwambia 12 inatosha na vishikio, inawezekana, mimi nisingelala.

Fundi wa madirisha mzuri anaweza, nilimtumia mmoja kutoka Kongowea na kazi yake imesimama mpaka leo, lakini simama naye. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyowekwa dawa ya kuzuia ukungu, manake hiyo dawa inaua. Vioo vipanguswe na spiriti, silikoni iwekwe kwa mkupuo mmoja bila kusita katikati, ukiona vipovu vya hewa ndani ya mshono mwambie arudie. Ikae wiki nzima ikauke. Halafu lijaze maji ya kawaida nje kibarazani, siku tano, ukipitisha karatasi ya shashi kwenye kila mshono asubuhi na jioni. Shashi ikilowa hata kidogo, tangi haliingii ndani.

Matundu ya mabomba yatobolewe kabla ya kuunganisha, na kama kioo ni cha moto (kile kilichotibiwa kiwe kigumu) hakitoboleki, kitapasuka vipande vidogo vidogo chote.

Hiyo sampu ni nini, na lazima niwe nayo?

Ni tangi la pili chini ya stendi. Maji yanamwagika kutoka juu kupitia bomba, yanapita kwenye mfuko wa kuchuja, yanaingia kwa skima, yanapita chumba cha mwani, halafu pampu inayarudisha juu. Kwa tangi kubwa mimi nasema ndiyo, iwe nayo, manake mashine zote zinajificha huko na maji yanaongezeka.

Skima ndo moyo wa mambo. Inapiga maji na vipovu vidogo sana, uchafu wa mafuta na protini unanata kwenye vipovu, unapanda, unamwagika kwenye kikombe. Ukikitoa utaona maji ya kahawia iliyoiva kama chai ya rangi iliyochemka mara tatu, na harufu yake hutaisahau. Hayo yote yangekuwa ndani na samaki wako.

Bomba la kushusha maji weka mawili, tena matatu ukiweza. Moja linajaa maji kabisa na unalipima na geti valvu (koki ya kupunguza maji), lingine liko wazi juu kidogo kwa dharura, likiziba la kwanza la pili linaokoa. Pampu ya kurudisha inatosha ikizungusha tangi mara nne kwa saa, kwangu ni kama lita 3,600, lakini maji yanapanda juu zaidi ya mita moja na pampu inapoteza nguvu njiani kwa hivyo nilinunua ya 6,000.

Sasa skiza hapa, manake hili limenifika. Umeme ukikatika maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka yafike chini ya mdomo wa bomba. Tangi langu kila sentimita moja ya maji ni lita 14. Mdomo wa bomba la kurudishia ulikuwa umezama sentimita nane, na nilikuwa nimetoboa kitundu kidogo juu yake ili hewa iingie, maji yasinyonywe kurudi chini. Mwezi wa saba konokono mmoja, wa ukubwa wa punje ya mahindi, akaingia kwenye kile kitundu akakaa. Stima ikapotea saa tisa usiku. Lita 112 zikarudi chini, sampu ilikuwa na nafasi ya 60. Niliamka nikakanyaga zulia likalia chwa, maji chumvi yamefika mpaka mlango wa jikoni. Tangu hapo mdomo wa bomba uko sentimita mbili tu chini ya maji, vitundu ni viwili, sampu ina nafasi ya lita 90 wazi kila wakati, na kila mwezi nazima umeme kwa makusudi nikae nione maji yanasimama wapi. Fanya jaribio hilo kabla hujaweka hata samaki mmoja.

Naweza kuchota maji baharini moja kwa moja? Si tuko pwani?

Unaweza na mimi nachota, lakini kuna wakati wake. Chota maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua, wakati wa kaskazi bahari imetulia na maji ni ya buluu. Chota mahali palipo wazi kuelekea bahari kuu, mbali na mkondo na mahali maji taka yanapoingia, na usichote ndani ya hifadhi ya baharini. Mvua za masika zikianza, Aprili na Mei, acha kabisa. Watu wa Malindi mnajua maji ya Sabaki yanavyogeuza bahari rangi ya udongo, kuna mbolea na dawa za mashamba humo, na mvua nyingi hupunguza chumvi ya maji ya pwani pia.

Nachota mitungi mitano ya lita 20 kwa wiki, ndo asilimia kumi ya maji ya tangi, nayabadilisha kila wiki. Napitisha kwenye mfuko wa kuchuja, naweka kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko gizani na pampu ndogo inazungusha, siku tano hivi, halafu napima kabla ya kutumia.

Miezi ya mvua natengeneza maji mwenyewe na chumvi ya akwariamu, si ya kupikia wala ile ya mawe kutoka sokoni. Ni kama gramu 36 kwa lita, kwa hivyo kujaza mfumo wa lita 1,000 unahitaji kama kilo 36. Maji ya kuchanganyia yawe yamepita mashine ya RO (inayosukuma maji kwenye chujio laini sana linalobakiza chumvi) na chujio la mwisho mpaka kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini kisome sifuri. Maji ya kisima hapa kwetu ni ya chumvichumvi, kipimo changu kilisoma zaidi ya 1,000, na ya mkokoteni hujui yametoka wapi. Mashine inamwaga kama lita tatu kupata moja safi, yale ya kumwagwa tunaoshea baraza na kusukumia choo, Mombasa maji hayatupwi.

Nikiongeza maji yaliyopungua, naongeza ya chumvi?

Hapana! Yanayokauka ni maji matupu, chumvi inabaki. Ongeza maji matamu safi tu. Langu na feni linakausha lita 10 mpaka 12 kwa siku, kwa hivyo nimeweka floti na pampu ndogo inajaza yenyewe kutoka kwa ndoo. Chumvi unaitaka ikae kwenye 35 kwa elfu, ama 1.025 hadi 1.026 kwenye reflaktomita (kifaa cha kupimia chumvi), na hiyo reflaktomita uirekebishe na maji yake maalum, mimi miezi minne nilikuwa nasoma uongo.

Mawe na mchanga naweza kuokota ufuoni?

Mawe yaliyo hai usiyaondoe kwenye mwamba. Kile kipande unachokiona ni jiwe ni nyumba ya watu wengi huko chini, na ndani ya hifadhi kama Mombasa, Watamu, Malindi na Kisite hairuhusiwi kutoa chochote hata kombe. Nunua mawe makavu yenye vitundu vingi, yanaanza bila uhai lakini bakteria wakiingia yanakuwa hai yenyewe, inachukua miezi tu. Na yanakuja bila wadudu, hiyo ni faida kubwa.

Yapange yashikane kwa simenti inayoganda ndani ya maji au gundi ya epoksi, chini yakae kwenye kioo chenyewe si juu ya mchanga, manake kuna samaki wanachimba na jiwe likianguka linavunja kioo. Acha mapango na nafasi nyuma maji yapite. Kosa la kila mtu ni kujenga ukuta.

Nisubiri muda gani kabla ya kuweka samaki?

Wiki nne mpaka sita, na si kalenda inayoamua, ni kipimo. Kamba mmoja mbichi ndani ya maji, anaoza, amonia inapanda. Bakteria wa kwanza wanaila wanatoa nitraiti, nayo ni sumu, wa pili wanakula nitraiti wanatoa nitrati ambayo ukiidhibiti haidhuru. Ukiweka amonia kidogo jioni na kesho yake jioni amonia na nitraiti zote zasoma sifuri, tangi liko tayari.

Mimi niliweka samaki wanne siku ya kumi. Maji yalikuwa maangavu kabisa, nikajidanganya. Siku ya kumi na tatu walikuwa wamebaki mmoja. Maji safi kwa macho hayamaanishi chochote, pima.

Baada ya hapo utaona vumbi la kahawia juu ya mchanga, halafu mwani wa kijani, halafu siku moja utaona madoa madogo ya zambarau kwenye mawe. Ukiona zambarau ujue mambo yanaanza kukaa sawa.

Joto la pwani je? Nahitaji hita au chila (mashine ya kupoza maji)?

Hita kwetu haina kazi kubwa. Shida ni kupoza. Matumbawe yanapenda nyuzi 24 hadi 27. Mwezi wa tatu sebule yangu inafika 32, pampu na taa nazo zinaongeza, maji yalikuwa yanagonga 30 na nusu saa kumi jioni.

Na hii si nadharia. Mwaka 1998 El Niño ilipopasha bahari, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na yakafa, na 2016 yakageuka tena. Ndani ya tumbawe kuna mwani mdogo sana unaolilisha, joto likizidi digrii moja au mbili kwa wiki kadhaa tumbawe linautoa nje, linabaki jeupe na njaa. Ndani ya sebule ni vile vile.

Anza na feni zinazopuliza juu ya maji, zinashusha digrii mbili hivi, japo hewa yetu ina unyevu mwingi kwa hivyo msaada wake ni mdogo kuliko wa bara. Madirisha yafunguliwe upande wa upepo. Ikishindikana ndo chila, lakini uhakikishe hewa moto yake inatoka nje, rafiki yangu aliifungia kabatini na ikawa inapasha kabati lile lile inalojaribu kulipoza.

Umeme ukikatika nifanye nini?

Kwanza hewa, pili hewa, joto baadaye. Tangi lililojaa samaki linaweza kuishiwa oksijeni ndani ya saa chache, usiku ndo hatari zaidi manake mwani hautengenezi oksijeni gizani.

Mwaka wa pili stima ilipotea kwa masaa kumi na moja mfululizo. Sikuwa na kitu. Saa sita usiku niliwasha tochi nikaona kangaja wangu, yule wa buluu na mgongo wa njano, amelala ubavu karibu na kioo, mashavu yanakwenda mbio mbio, na wengine wote wako juu wanavuta midomo kwenye uso wa maji. Mimi na mke wangu tulikaa tunachota maji na jagi tunayamwaga kutoka juu yatoe mapovu, kwa zamu, mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kangaja alipona. Wengine wawili hawakupona.

Siku hizi nina pampu mbili za hewa za betri zinazojiwasha zenyewe umeme ukienda, na betri ya sola ya volti 12 amp 100 inayoendesha pampu moja ya mzunguko ya wati 20. Hiyo betri ukitumia nusu yake tu ili isiharibike inakupa karibu siku nzima. Bei yake ni ndogo kuliko samaki mmoja mzuri na matumbawe mawili. Nunua hivi kabla ya kununua taa ya kifahari. Na umeme ukiwa umeenda usilishe.

Bili inakuwaje?

Hesabu yangu: taa wati 300 kwa saa tisa ni yuniti 2.7. Pampu zote na skima kama wati 250 masaa 24, yuniti 6. Chila wati 500 siku za joto inafanya kazi kama saa 10, yuniti 5. Jumla karibu 14 kwa siku, zaidi ya 400 kwa mwezi. Zidisha na bei ya tokeni ya kwenu. Miezi ya kusi chila inalala na nafuu inaonekana.

Taa za kawaida za LED zitafaa?

Kwa samaki tu ndiyo. Kwa matumbawe unataka zenye buluu nyingi, kwenye nanomita 420 hadi 460 hivi, na zenye nguvu ya kufika chini. Masaa nane au tisa yanatosha. Ukipata taa mpya anza na nguvu kidogo uipandishe kwa wiki tatu nne, niliwahi kuchoma matumbawe sita kwa siku mbili kwa kuwasha taa mpya asilimia mia.

Samaki gani wa kuanzia?

Klaunifishi wawili, wavumilivu, wanakula chochote. Kwetu yuko wa kahawia mwenye mistari myeupe na mwingine wa waridi mwenye mstari mmoja mgongoni, hao wanatoka hapa hapa pwani. Halafu samaki wadogo wanaokaa chini. Kangaja waje mwisho kabisa, tangi likiwa na miezi sita na zaidi, manake wanatawala na wanaugua haraka. Wanahitaji urefu wa kuogelea, chini ya sentimita 180 usiwaweke. Uwape mwani mkavu kila siku.

Usinunue pono, chewa, bunju, wala kikande hata kama muuzaji anasema watabaki wadogo. Vikande wanakula kamba na konokono wako wote. Samaki vipepeo wengi wanakula matumbawe yenyewe. Jongoo bahari anaonekana mpole lakini akinyonywa na pampu anaweza kutoa sumu ikaua tangi zima.

Na muulize muuzaji samaki amevuliwa vipi na nani. Kenya wako wavuvi wenye leseni wanaokamata kwa nyavu ndogo wakipiga mbizi. Muombe amlishe mbele yako. Asiyekula dukani hatakula kwako.

Samaki amepata vidoti vyeupe kama chembe za chumvi, niweke dawa?

Dawa ya shaba inafanya kazi lakini usiiweke kamwe kwenye tangi lenye matumbawe, inaua kamba, konokono na matumbawe yenyewe, na inabaki kwenye mawe. Samaki wote watolewe waende tangi la pembeni watibiwe huko, na tangi kubwa likae bila samaki hata mmoja wiki kumi na moja hivi, mdudu akose wa kumdandia. Najua ni muda mrefu. Ndo maana kila samaki mpya kwangu anakaa karantini mwezi mzima kwanza kwenye tangi la lita 80, mahali pa kuona.

Matumbawe nayapata wapi, na yepi?

Si baharini. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), kuyavusha mpaka kunahitaji vibali, na kuvunja mwamba wetu uliopona nusu tangu 1998 ili upambe sebule, mimi siwezi kukusaidia kwa hilo. Tafuta vipande vilivyokatwa kutoka tangi la mfugaji mwingine. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinakua, kinakatwa, kinapewa mwingine. Langu moja limezaa vipande zaidi ya ishirini, viko nyumba za watu kutoka Mtwapa mpaka Nairobi.

Anza na laini, yale ya ngozi na ya uyoga, halafu yenye mikono mirefu kama Euphyllia, uyaache mbali na mengine manake usiku yanarefusha mikono ya kuumiza jirani. Acropora, yale magumu yenye matawi, baada ya mwaka, maji yakiwa hayayumbi. Zima taa zote saa tatu usiku, kaa robo saa, mulika na tochi nyekundu: yale yaliyokuwa mawe mchana yametoa vinyota vidogo vidogo mwili mzima, vinapapasa maji, na ukidondosha chakula kidogo utaona kimoja kinafumba kama kiganja. Wanangu wanaacha simu kwa ajili ya hiyo.

Vipimo vya kalsiamu na alkalini nivifanye vipi, na naweza kutumia magadi?

Alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) digrii 8 hadi 9, na kwa miligramu kwa lita, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu kama 1,300, nitrati isizidi 10 lakini pia isiwe sifuri. Ya kutazama kila wiki ni alkalini, ndo ya kwanza kuyumba tumbawe likianza kujenga mifupa.

Magadi ya kuokea yale meupe safi ya dukani, yasiyo na kitu kingine, yanafaa kabisa. Gramu 30 zinapandisha alkalini ya lita 1,000 kwa digrii moja, na usipandishe zaidi ya hiyo kwa siku. Ukiyachoma kwenye oveni saa moja kwa nyuzi 150 na kitu yanakuwa makali zaidi na yanapandisha pH pia. Ila magadi ya kupikia maharagwe yaliyotoka moja kwa moja ziwani, hapana, yana mchanganyiko. Na wazee wameniuliza chokaa ya tambuu, nayo hapana kwa sababu hiyo hiyo, japo chokaa iliyosafishwa inatumika, matone polepole usiku, na usiishike kwa mkono mtupu inababua.

Kuna hatari kwa watoto na sisi wenyewe?

Ipo na isomwe vizuri. Kuna matumbawe madogo kama vitufe, jamii ya Palythoa, mengine yana sumu kali mno iitwayo palitoksini. Usichemshe mawe kamwe, usiyamwagie maji moto, usiyasugue kwa brashi hewani, mvuke wake umewapeleka watu wengi na familia zao hospitalini. Vaa glavu na miwani, ukiwa na kidonda mkononi usitie mkono.

Umeme: kila waya ushuke chini kwanza halafu ndo upande kwenye soketi, tone la maji lidondoke kabla ya kufika. Soketi zisikae chini ya tangi. Weka swichi ya usalama ya miliamp 30, ile inayokata yenyewe umeme ukivuja. Mimi sitii mkono kabla ya kuijaribu kitufe chake.

Mwani umenijaa kila mahali, nakata tamaa.

Usikate. Karibu wote hupitia mwaka wa kwanza. Punguza chakula, ng'oa kwa mkono, ongeza konokono, angalia maji yako ya kuongezea kama yasoma sifuri kweli. Kwenye chumba cha sampu fuga mwani wa nyuzi uwashiwe taa usiku, unakula chakula cha ule wa juu na unauvuna kila wiki mbili. Chupa za dawa za muujiza ziache dukani.

Nikisafiri wiki mbili?

Usimwachie jirani kopo la chakula, atalisha kwa huruma mpaka maji yaoze. Gawa kila siku kwenye kikasha chake, andika tarehe, mengine ficha. Jaza pipa la maji matamu la floti, safisha kikombe cha skima asubuhi ya kuondoka, usibadilishe kitu chochote wiki ile, usinunue samaki mpya. Mwoneshe jirani swichi mbili tu, ya kuzima kila kitu na ya pampu za betri, na umwandikie namba ya mtu mwenye tangi aliye karibu. Mimi hubandika picha ya sampu mlangoni kwa ndani, yenye mstari mwekundu wa kalamu pale maji yanapotakiwa kusimama, yakizidi hapo anipigie hata kama ni usiku wa manane.